Kupiga Windows upya bila kupoteza leseni

Wateja wangu hapa Chake Chake huniletea laptopu na ombi moja: "Fundi, nipigie Windows," yaani niisakinishe upya. Siigusi mpaka nijue leseni zake ziko wapi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha bonyeza Enter. Ikionyesha leseni ni ya kudumu, vyema. Kisha iunganishe na akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, wala si ya fundi, tafadhali! Leseni ya kidijitali ya Windows 10 au 11 hufungamana na maunzi, yaani vifaa vya ndani vya kompyuta, hasa mazabodi (bodi kuu). Mazabodi ikibadilishwa, akaunti hiyo ndiyo itakayokusaidia kuirudisha leseni.

Programu za Adobe zina hatari yake. Usajili wa mtu mmoja huruhusu akaunti iwe imeingia kwenye kompyuta mbili tu, basi toka kwenye akaunti kabla ya kufuta diski. Kwa leseni ya Office, hakikisha mteja anakumbuka baruapepe aliyonunulia.

Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, ufungue machache uyahakiki. Tengeneza flashi ya kusakinishia Windows, ya GB 8 au zaidi, kwa zana ya Microsoft yenyewe. Chaji betri ijae: umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, na ukikatika katikati ya kazi utaanza upya.

Wakati wa kusakinisha, ukiulizwa ufunguo wa Windows (product key), chagua kwamba huna, kisha chagua toleo lilelile, Home au Pro. Ukikosea toleo, leseni haitakubali. Ukiunganisha intaneti, Windows hujiamilisha yenyewe, yaani huitambua leseni yake.