Kuweka paleti za vitesi ku volani weye mwenyewe, nyumbani

Mwenye kukaa Bukavu anajua, hapa barabara ya sawa haiko, ni kupanda ama kushuka, na siku unachukua njia ya Uvira njo unakutana na Ngomo. Ziwa Kivu iko mita 1460 juu ya bahari, Tanganyika iko karibu 770, ile tofauti yote gari yako lazima iishuke, na kipande kikubwa inaishukia pale Ngomo mbele ya kufika Kamanyola, jiwe upande moja, shimo upande mwingine, viraji haviishi.

Nilishuka pale siku moja na muyomba wangu, gari otomatiki ya Japani, volani iko kuume, yeye ku volani mimi pembeni. Alikuwa mu D tangu juu. Kufika katikati nikasikia harufu, ile ya mafreni yenye kuungua, nikamwambia muyomba weka M, rudisha vitesi, moteri itatushikia gari. Akanijibu, "Mupwa wangu, mkono wa kushoto siwezi kuutoa ku volani hapa." Na alikuwa na haki, kwa sababu volani ikiwa kuume, levye ya vitesi inakuwa ku mkono wa kushoto, na mu viraji vya vile mikono yote mbili iko na kazi. Tulifika chini pedali ya freni imekuwa laini kama sponji, tukasimama saa nzima kungojea magurudumu ya mbele yapoe. Tangu siku ile paleti za vitesi, vile vishikio viwili vya nyuma ya volani vyenye unavuta na vidole kupandisha ama kushusha vitesi, kwangu si ya uzuri wa gari hata kidogo. Ni ya kuweza kushusha vitesi bila kuachilia volani.

Sasa mbele ya kununua kitu, angalia levye yako. Kama iko tu na P R N D 2 L, acha, paleti hazitafanya kitu, kompyuta ya bwati ya vitesi haina mahali pa kupokea ile amri ya plus na minus. Unahitaji gari yenye levye iko na njia ya M ama S, na alama ya + na −. Hata CVT (bwati otomatiki yenye haina vitesi vya kweli, inatumia mukanda) yenye M inakubali, inajifanya iko na vitesi na inashika moteri vizuri mu mushuko. Ujue pia kwa Toyota S na M si kitu kimoja: mu S ukiona 4 maana yake gari inaweza kutumia kuanzia 1 mpaka 4, inajichagulia yenyewe humo ndani, lakini mu M ukiona 4 ni 4.

Kuna zile paleti za kubandika juu ya paleti zenye ziko tayari, ili ziwe ndefu. Ile ni kazi ya dakika kumi, safisha na alkoli, bandika, ngojea siku nzima mbele ya kuzivuta, basi. Siongelei zile. Naongelea gari yenye ilitoka fabriki bila paleti, weye unataka kuziweka.

Magari ya Ulaya kama Volkswagen ama Mercedes, hapo nakuomba usianze peke yako, kwao amri ya paleti inapitia mu kompyuta ndogo ya volani na lazima mtu aingize kodi na mashine. Hii njia ninayoieleza ni ya gari za Japani zenye mfumo mwepesi, na zile njo nyingi hapa kwetu.

Siri yote ni hii. Mu levye yako, ukisukuma ku + hakuna nguvu ya ajabu inatokea, ni swichi ndogo tu inagusisha fili moja na masi, maana yake chuma ya gari, upande wa minus. Kompyuta inaona ile fili ilikuwa na volti, sasa imeanguka ku sifuri, inasema aa, anataka kupanda. Ku − ni vilevile na fili ingine. Kwa hiyo paleti ni swichi mbili tu zenye kufanya kazi ileile ya levye. Ukishaelewa hapo, hutaogopa tena, na hakuna mtu atakukamata pesa mingi kwa kukuambia ni kazi ya kompyuta.

Tafuta hizi fili kwanza, mbele hata ya kugusa volani. Toa plastiki yenye kuzunguka levye, taratibu, vishikio vyake vinavunjika bure, mimi natumia kijiko cha mbao kimefungwa kitambaa. Chini utaona konekta yenye inatoka ku levye. Funga freni ya mkono, weka jiwe ku gurudumu (usicheke na hii, parsele zetu zote ziko na mteremko), weka kontakti bila kuwasha moteri, finya freni, levye mu M. Multimetre ku volti, ncha nyeusi ku chuma ya gari, ncha nyekundu unaingiza kwa nyuma ya konekta fili moja kwa moja. Mtu akusaidie kusukuma levye. Ile fili yenye inaonyesha karibu volti 12 na inaanguka ku 0 akisukuma +, ile njo ya kupanda. Ingine inaanguka akivuta −, ile njo ya kushuka. Andika rangi ku karatasi, usitegemee kichwa. Kama unaona hesabu za ajabu, mara 3, mara 1.7, gari yako inatumia mfumo mwingine wa kupima, simama hapo, usikate kitu. Na usipeleke volti 12 ku hizi fili hata siku moja, zinataka masi peke yake. Ukizipa volti kompyuta inaweza kufa na ile ni bei ya kulia.

Sasa unachagua paleti zikae wapi, na hapa watu wengi wanakosea wakifuata uzuri.

Njia ya kwanza, zinakaa ku volani yenyewe na zinazunguka nayo. Inapendeza, lakini fili zake lazima zipite mu spirali, kile kisahani cha plastiki nyuma ya volani chenye utepe wa fili umejizungusha ndani, ili volani izunguke bila kukata kitu. Spirali ya gari ya bei ya chini mara mingi haina fili za bure. Utalazimika kutafuta spirali ya okazi ya gari ileile yenye cheo cha juu, na namba ya piyesi ifanane. Usifikiri utapitisha paleti ku fili ya mabutoni ya radio, ile inatumia resista tofauti tofauti ku fili moja, utavuruga vyote.

Njia ya pili, paleti zinakaa ku plastiki ya kolone, ile nguzo yenye kushikilia volani, nyuma ya volani, hazizunguki. Mitsubishi walikuwa wanafanya hivyo tangu fabriki, ku Lancer na Outlander, na walijua kwa nini: mkono unajua kila wakati paleti iko wapi. Hakuna spirali, hakuna kufungua erbagi (ule mfuko wa hewa wa ndani ya volani wenye kufunguka wakati wa aksida). Kwa mtu anayefanyia nyumbani mimi nasema chukua hii, na ile ya muyomba nilifanya hivi.

Lakini njia yoyote, kwanza bateri. Zima kontakti, toa kichwa cha minus, kifunge na kitambaa kisirudi kugusa. Toyota wanasema ungojee sekunde 90 kwa uchache, mimi nangojea dakika kumi, nakunywa chai, kwa sababu ndani ya kompyuta ya erbagi kuna nguvu yenye inabakia hata bateri imetoka. Konekta zote za rangi ya njano ni za erbagi. Usiziingize multimetre hata kwa kujaribu tu, ule umeme kidogo wa multimetre unaweza kuilipua, na erbagi inafunguka kwa nguvu ya kuvunja mkono na kutoa jicho. Ninarudilia hii kwa sababu nimeona kijana mu garaji anatafuta fili na taa ya majaribio mu ile konekta ya njano, bateri haijatolewa, uso wake karibu na volani. Nilimvuta ku shati.

Kama umechagua za ku volani: nyoosha magurudumu ya mbele. Ku Toyota mingi erbagi inashikiliwa na visi mbili za Torx T30, moja kila upande, chini ya vifuniko vidogo. Zilegeze, vuta erbagi polepole, toa konekta, ipeleke mbali, uso wenye nembo uangalie juu, isilale kifudifudi maana ikilipuka itaruka yenyewe. Kama spirali haibadilishwi, volani inabakia mahali pake. Ukibadilisha, piga alama na rangi ku volani na ku chuma yake ili virudi sawa, fungua nati, kle ya 19 ku Toyota, na wakati wa kurudisha nguvu ni newton-mita 50. Spirali mpya lazima iwe katikati: izungushe kinyume cha saa kwa mkono mwepesi mpaka ikatae, kisha irudishe karibu mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Ya kwanza niliyobadilisha, sikuhesabu. Utepe ulikatika siku ya pili wakati wa kugeuza gari mu parsele, klaksoni ikafa, taa ya erbagi ikawaka, nikanunua ingine. Na kama gari iko na VSC (mfumo wa kuzuia gari isiteleze), angalia kama kipimo cha pembe ya volani kimeshikana na spirali, taa yake ikiwaka itabidi ipimwe upya na mashine.

Za ku kolone ni nyepesi. Fungua visi tatu za chini ya kolone, plastiki inagawanyika mara mbili. Mbele ya kutoboa, bandika paleti na skochi, kaa kama unaendesha, weka mikono yako mahali pake, vidole vifike bila kunyoosha. Gari za Japani klinyota iko kuume na esuiglasi kushoto, paleti isizuie hata moja, jaribu zote mpaka mwisho. Shusha na pandisha kolone kama inaregla. Paleti ya kuume ni +, ya kushoto ni −, usibadilishe, siku moja utakopesha gari. Toboa plastiki peke yake, visi fupi, usikamate kitu ku chuma ya kolone, ile imetengenezwa ijikunje wakati wa aksida. Na kama gari iko na erbagi ya magoti chini, usipitishe kitu mbele yake.

Fili: tatu zinatosha, ya kupanda, ya kushuka, na masi yenye inagawanywa kwa swichi zote mbili. Chukua laini ya milimita mraba 0.5, inatosha sana, umeme unaopita ni kidogo kabisa. Swichi ziwe zile za kufinya, zenye ukiachilia zinarudi wazi. Pitisha fili ndani ya kolone, chini ya tablo, mpaka ku levye, mbali na pedali na mbali na kile chuma cha volani chenye kuzunguka, funga kila sentimita kumi na tano. Ku levye usikate fili ya gari. Toa ganda kidogo, sentimita moja, zungushia fili yako, sude na etani, funga vizuri. Umeme ukikatika kama kawaida yetu, fero yangu ya zamani naichoma ku makala ya mbabula, inapata moto wa kutosha fili mbili kila mara. Kusokota tu na kufunga skochi haifai, barabara zetu zinatikisa, mwezi moja itaachia. Masi ichukue ku visi ya chuma ya gari, kwarua rangi mpaka uone chuma inang'aa.

Mbele ya kurudisha bateri, weka multimetre ku bip kati ya fili yako na masi. Bila kufinya, kimya. Ukifinya, inalia. Kama inalia bila kufinya, kuna fili imeguswa mahali, tafuta. Rudisha bateri, weka kontakti ukiwa pembeni ya volani, taa ya erbagi inawaka kama sekunde sita kisha inazima. Kama haizimi, usiende njiani.

Jaribu kwanza mahali patupu. Levye mu M, tembea kilomita 30 kwa saa, vuta paleti ya kushoto, utasikia moteri inapandisha sauti na mwili unaenda mbele kidogo. Ukiomba vitesi ya chini sana, kompyuta itakataa ili moteri isipite mzunguko wake, na hiyo si kasoro. Mu D magari mengi hayasikii paleti zilizowekwa vile, lazima levye iwe mu M, basi iweke M juu, mbele ya mushuko kuanza.

Ngomo tulirudi na muyomba mwezi uliofuata. Juu kabisa aliweka M, akavuta paleti ya kushoto mara mbili, gari ikakaa mu 2, moteri inavuma karibu 3000, mguu uko juu ya freni lakini anaifinya tu mbele ya kiraji. Mikono yote miwili ku volani mpaka chini. Kamanyola nilishuka nikaweka mkono karibu na gurudumu la mbele. Lilikuwa na moto wa kawaida tu, tukanunua maji ya kunywa, tukaendelea Uvira.