Miguu yenye ganzi: namna ya kuilinda kila siku, hatua kwa hatua

Nilipoanza kazi kwenye kliniki ya kisukari hapa Mwanza, nilikuwa na swali moja kwa kila mgonjwa: "Miguu inauma?" Akijibu haiumi, namshukuru Mungu na kumwita anayefuata. Siku moja akaja mama mmoja anayeanika dagaa Igombe, naye akanijibu haiumi. Alipovua kiatu apande kwenye mzani, kizibo cha soda kikadondoka sakafuni. Meno ya kizibo yalikuwa yamejichora kwenye unyayo wake, duara kamili, na katikati ngozi imeanza kuwa nyeupe kama iliyolowa. Alikuwa amekikanyaga tangu nyumbani, na njiani alibadilisha daladala mbili. Tangu siku ile siulizi kwanza. Natazama kwanza.

Neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo, zile zinazofika miguuni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, kwa hiyo ndizo huwahi kuharibika. Ganzi huanzia vidoleni na kupanda kama mtu anayevaa soksi. Ikikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Wengi hawaamini ninapowaambia kwamba mguu uleule unaowaka moto usiku unaweza usihisi mwiba mchana.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo

Mtu akianza kuchomwachomwa miguu, neno la kwanza mtaani ni kwamba amekanyaga dawa ya mtu. Miezi inapita akizungushwa kwa waganga, mwingine anachanjwa chale kwenye mguu usiohisi, na sukari huko inapanda tu. Nakusihi, anza na kipimo cha sukari na cha VVU. Mwambie daktari dawa zote unazomeza. Isonaizidi ya kifua kikuu hupunguza vitamini B6, ndiyo maana hutolewa pamoja na kidonge cha B6, usikiache. Metifomini ya kisukari ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza B12. Pombe ya kila siku nayo huua neva, useme ukweli. Ukiwa na baka kwenye ngozi lisilohisi mguso, pimwa ukoma. Dawa zake ni bure na unapona.

Vidonge vya vitamini B usijinunulie mwaka mzima kwa sababu jirani amekwambia ni vya mishipa. B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva.

Udhaifu ukianzia miguuni na kupanda ndani ya siku chache, hilo ni jambo jingine kabisa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Pima mguso nyumbani

Lala chali, fumba macho. Mtu wa nyumbani akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, sekunde moja au mbili, kwa wepesi kama anagusa unyoya. Asibonyeze wala asigonge. Aguse kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Jumla sehemu sita. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Asirudie alipokosa. Usipohisi sehemu mbili au zaidi, miguu yako iko hatarini na hatua zinazofuata ni za kila siku.

Hatua ya 3: Kagua kila jioni

Hii ndiyo kazi yenyewe. Macho na mikono yako sasa vifanye kazi iliyokuwa ya neva.

Kaa penye mwanga. Tazama juu ya mguu, kisha kisigino, kisha katikati ya kila kidole, ukikitenganisha na mwenzake. Unyayo usiponyanyuka hadi machoni, weka kioo sakafuni. Kama macho hayaoni vizuri, mjukuu akutazamie. Unatafuta mpasuko, lengelenge, wekundu, sugu iliyogeuka rangi ndani, na kwa ninyi wa mwaloni, kunakoshushwa samaki, ndoano na miiba ya samaki. Ule mwiba wa sato huingia kimyakimya, ukaja kujulikana kwa harufu.

Halafu pitisha mgongo wa mkono kwenye miguu yote miwili. Mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, umevimba, hata kama hauna kidonda wala maumivu, acha kuutembelea na uje kliniki. Inawezekana ni mfupa umevunjika ndani na wewe hujui.

Osha kwa maji ya uvuguvugu uliyopima kwa kiwiko. Kausha katikati ya vidole. Mafuta ya mgando paka unyayoni na kisiginoni, katikati ya vidole usipake, kwani unyevu ule huleta fangasi. Kucha kata moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Wembe usiuguse, si kwa kucha, si kwa sugu.

Hatua ya 4: Viatu, hata ndani ya nyumba

Ndala hazitoshi, mwenye ganzi huivua ndala bila kujua na kuendelea na safari. Tafuta sandozi yenye mkanda nyuma ya kisigino, au raba pana yenye soli nene. Mitumba ya soko la Mlango Mmoja inafaa kabisa ukichagua kwa akili. Nenda jioni, miguu ikiwa imejaa. Kabla ya kwenda, simama juu ya boksi, mtu akuchoree mguu kwa kalamu, ukate umbo lile na uende nalo. Litumbukize ndani ya kiatu: likijikunja, kiatu kinabana, kiache. Usitegemee kusikia kinabana, kwani hutasikia. Siku ya kwanza kivae kwa muda wa saa moja tu, uvue, ukague.

Kila asubuhi kipige kiatu chini, kisha ingiza mkono hadi mbele. Soksi vaa nyeupe, damu ionekane.

Hatua ya 5: Jihadhari na joto na panya

Sisi wa Mwanza tunaishi juu ya mawe. Saa saba mchana miamba ya Mabatini au Igogo ni kikaango, na mchanga wa kuanikia dagaa ni hivyohivyo. Kwenye Hiace usikae siti ya mbele, injini iko chini na sakafu hupata moto. Jiko la mkaa, chupa ya maji ya moto na beseni la maji ya chumvi yanayotoa mvuke, viweke mbali. Nimefunga vidonda vingi vya kuungua vilivyotokana na dawa hizo za nyumbani.

Panya, wazee husema, huuma huku akipuliza. Mguu wenye ganzi hauhitaji hata kupulizwa. Osha shombo ya samaki kabla ya kulala na uchomekee chandarua chini ya godoro.

Hatua ya 6: Maumivu ya usiku

Panadoli na diklofenaki hazisaidii sana maumivu ya neva. Muulize daktari kuhusu amitriptilini, ambayo kwa kawaida huanza kwa miligramu 10 au 25 usiku. Huleta usingizi na kukausha mdomo, na nafuu huja baada ya wiki kadhaa, usiiache siku ya tatu. Mwambie kama una tatizo la moyo, presha ya macho au mkojo kukwama. Na wewe unayetoka usiku na taa kuvua dagaa, usiimeze kabla ya kupanda mtumbwi. Panga naye saa ya kuimeza kulingana na unapolala.

Hatua ya 7: Ukikuta kidonda

Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, uje siku hiyohiyo. Usimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili wala majivu. Usisubiri maumivu, hakitauma. Kama kinatoa harufu, wekundu unapanda, kidole kimekuwa cheusi au una homa, njoo hata usiku, na uje na vile viatu ulivyokuwa umevaa. Tutaingiza mkono ndani pamoja.