Kuipaka rangi upya katuni yako ya zamani

Ili kuigeuza iwe mchoro wa kanvasi usio na maneno, chagua katuni ambayo picha yake bado ina la kusema. Ile iliyochekesha kwa maneno pekee iache, kwani ukiyafuta haibaki kitu. Hapa natumia ya makanga (kondakta) anayening'inia mlangoni mwa matatu, karibu na Uwanja wa Nyayo.

Hatua ya 1: Ni ya nani?
Kama uliichora ukiwa umeajiriwa, au kwa agizo la mteja, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa haki yule aliyekulipa, isipokuwa mkataba useme vingine. Usome kabla ya kununua kanvasi. Mchoraji katuni wa Marekani, Carl Barks, ndiye aliyembuni bata bahili Scrooge McDuck mwaka 1947. Hata hivyo, ilibidi Disney wamruhusu ndipo aanze, mwaka 1971, kupaka upya kwa rangi za mafuta matukio ya katuni zake. Mwaka 1976 ruhusa ikaondolewa.

Hatua ya 2: Futa maneno
Kazi yenyewe iko hapa. Katuni hupangwa kuzunguka viputo vya maneno: wahusika husukumwa chini, juu pakaachwa wazi. Ukiondoa kiputo unabaki na anga tupu na mtu aliyeinama bila sababu.

Weka karatasi ya kufuatishia juu ya mchoro, fuatisha wahusika peke yao, kisha jaribu mpangilio mpya katika vijipicha vidogo vidogo. Usizibe pengo kwa mawingu (huo ni uvivu). Jiulize maneno yalikuwa yakifanya kazi gani. Makanga wangu alikuwa akipiga kelele, "Beba! Beba!" Sasa kelele hiyo imehamia mwilini: mishipa ya shingo, kiganja kinachopiga bati, mama wa kiti cha nyuma anayeziba sikio. Juu nimepitisha Nairobi Expressway, barabara iliyoinuliwa juu ya nguzo, iliyofunguliwa 2022. Zege lake linamkandamiza makanga kama kiputo kilivyokuwa kikifanya.

Hatua ya 3: Amua ni mwaka gani
Ukiweka Expressway, matatu iwe ya leo. Ukitaka kubaki zamani, kabla ya kanuni za Michuki za 2004 (zilizozitaka matatu ziwe na mstari wa manjano na zisijaze abiria kupita kiasi), ondoa nguzo za Expressway, ondoa mstari wa manjano ubavuni, na uwashindilie abiria.

Hatua ya 4: Mwanga
Saa sita mchana jua la Nairobi huwa karibu utosini, kivuli hujikunja miguuni na macho huzama gizani. Mimi hupenda saa kumi na moja jioni. Jaribu kwanza kwa penseli, toni tatu tu: mwanga, wastani na giza.

Hatua ya 5: Kuza
Mchoro wa sentimita 20 kwa 28 unaingia sawasawa kwenye kanvasi ya 60 kwa 84. Chora miraba ya sentimita 2 kwenye mchoro, ya sentimita 6 kwenye kanvasi, kisha hamisha mraba kwa mraba.

Hatua ya 6: Rangi
Akriliki hukauka upesi, kwa hiyo weka karibu chupa ya kunyunyizia maji. Anza na vilivyo mbali, umalizie na vilivyo karibu. Usizungushie kila umbo mstari mweusi. Uache usoni na mikononi, kwingine rangi zikutane zenyewe. Ukifika kwenye uso, geuzia mchoro wa zamani ukutani, la sivyo utanakili tu.

Tia saini. Nyuma ya kanvasi andika mwaka wa mchoro wa kwanza na wa huu wa sasa, ili mnunuzi ajue anachonunua ni toleo jipya.