Kuvusha matuta ya maua msimu wa kaskazi, Dar es Salaam

Januari na Februari jua la Dar linaunguza, na kichanga chetu hakishiki maji. Lengo ni kuyafikisha maua masika yakiwa na mizizi mizima.

Hatua ya 1: Maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni hulowesha juu tu, mizizi nayo hubaki hukohuko juu na kuungua. Mwagilia alfajiri, ndoo ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, siku moja ndiyo, moja hapana. Kichanga kikikauka mno hukataa maji: matone yanaviringika juu yake kama shanga, yamevaa vumbi. Hapo mwaga robo ndoo, subiri dakika 10, ndipo umalizie. Kisha fukua kwa mwiko. Sentimita 15 chini pawe na unyevu. Pakiwa pakavu, ongeza.

Unatumia maji ya kisima? Ncha za majani zikigeuka kahawia na utando mweupe ukitanda juu ya udongo, hiyo ni chumvi. Usiyamwagie majanini, na mara moja kwa wiki mwagilia maji ya bomba ndoo mbili kwa mita ya mraba ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Hatua ya 2: Matandazo, unene wa sentimita 5. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni bora kuliko nyasi kavu, ambazo mchwa huzipenda. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yake, maana nayo yana chumvi. Acha vidole vinne kuzunguka shina lisioze.

Hatua ya 3: Kata maua yaliyonyauka, zinia juu tu ya jozi ya majani, waridi juu ya jani lenye vijani vitano. Kupogoa waridi kwa nguvu kungoje masika, la sivyo matawi yatababuka.

Hatua ya 4: Mbolea ya NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa shina, sentimita 15 kutoka shinani. Mwagilia kabla na baada. Kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi.

Hatua ya 5: Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, geuza majani. Vijipamba vyeupe kwenye maungio ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mimea, na sisimizi wanafuata majimaji matamu yanayotolewa na wadudu hao. Changanya lita moja ya maji na kijiko cha chai cha sabuni ya maji, jaribu kwanza kwenye majani machache, kisha nyunyiza chini ya majani jioni. Rudia baada ya siku 7, kwa kuwa mayai huwa yamesalia ndani ya vile vijipamba.