Tiba ya kuamsha kinga ya mwili kabla na baada ya upasuaji wa saratani ya kichwa na shingo: ratiba, vipimo na dalili za hatari

Juni 2025 Marekani iliidhinisha pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, itumike kabla na baada ya upasuaji kwa saratani ya kichwa na shingo iliyosambaa jirani lakini bado inaweza kukatwa. Si ya kila mgonjwa: kipande cha biopsi (nyama iliyochukuliwa kwenye uvimbe) kipimwe PD-L1, protini inayoisaidia saratani kujificha na kinga, na alama ya CPS, inayoonyesha kiasi cha protini hiyo, iwe 1 au zaidi. Ombeni kipimo hicho mara tu majibu ya biopsi yanapotoka, ili upasuaji usicheleweshwe.

Kabla ya upasuaji ni dozi 2 za miligramu 200, kila moja kwa dripu ya dakika 30, zikipishana wiki 3. Uvimbe ukinywea, msiahirishe upasuaji. Seli hai bado zinaweza kuwa zimebaki. Ukikua, daktari auangalie upesi: pengine ni chembe za kinga zimejaa pale, pengine saratani inasonga mbele na tarehe inabidi isogezwe karibu. Pumzi ikianza kukoroma au kubana, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji hufuata dozi hadi 15. Tatu za kwanza huenda pamoja na mionzi, na sisplatini, dawa ya kemo, huongezwa ikiwa saratani imeonekana kwenye ukingo wa nyama iliyokatwa au imetoboa ganda la tezi ya limfu. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, maana taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida.

Dawa hii huamsha kinga, nayo kinga yaweza kugeukia mwili wenyewe. Kwa hiyo ini, figo, sukari na homoni za thairoidi hupimwa mara kwa mara wakati wa matibabu. Linalosahaulika mno ni tezi zilizo juu ya figo. Mgonjwa aliyelegea, anayetapika na presha yake iko chini apimwe asubuhi kortisoli, homoni ya tezi hizo, kabla ya kuingia thieta. Tezi hizo zikiwa zimefeli, presha huweza kuporomoka akiwa kwenye nusukaputi. Akipewa mapema haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kortisoli, hatari hiyo hupungua sana.

Piga simu siku hiyo hiyo ukienda choo mara 4 au zaidi kupita kawaida yako, ukipata kikohozi kikavu kipya, macho ya njano, au kiu na mkojo mwingi. Usijitibu kwa dawa ya kuzuia kuhara, wala usikatishe ghafla prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, uliyoandikiwa. Hupunguzwa taratibu, mara nyingi kwa wiki 4 au zaidi. Madhara haya huweza kuibuka hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo kila daktari mpya aambiwe umewahi kupata dawa hii.