Kusoma logi za mikrokontrola bila kuichelewesha

Ukitia printf (amri ya kuchapisha ujumbe) ndani ya kitanzi kinachoendesha mota ya pampu ya kisima, usishangae mota ikianza kutetemeka. Kwenye UART, njia ya kutuma data biti moja moja, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, kila herufi hubeba biti 10, takriban mikrosekunde 87. Mstari wa herufi 40 unakula milisekunde 3.5. Kitanzi kinachozunguka kila milisekunde 1 kimeshakosa mizunguko mitatu, na hitilafu unayoisaka pengine umeizua mwenyewe.

Tumia RTT (Real-Time Transfer), mbinu ya kampuni ya SEGGER ya kutoa logi. Chipu inaandika ujumbe kwenye bufa (sehemu ya kuhifadhi kwa muda) ya RAM na kuendelea na kazi yake. Debaga, kifaa kinachounganisha kompyuta na chipu, inausoma kupitia SWD, njia ya nyaya mbili ya kukagua chipu, bila kuisimamisha chipu. Si lazima ununue J-Link, debaga ya SEGGER; debaga ya ST-Link na programu ya OpenOCD kwenye kompyuta vinatosha.

Kwa STM32F103C8, unga PA13 (SWDIO), PA14 (SWCLK) na GND. Katika CubeMX, programu ya kupanga pini za STM32, chagua Serial Wire, la sivyo pini hizo hufungwa mara tu programu ikianza. Ongeza faili za SEGGER_RTT kwenye mradi, andika kwa SEGGER_RTT_WriteString(0, "..."), na programu ikishaanza kukimbia, fungua telnet ya OpenOCD, pota 4444:

rtt setup 0x20000000 0x5000 "SEGGER RTT"
rtt start
rtt server start 9090 0

0x5000 ni RAM yote, KB 20. Kisha soma logi kwenye terminali kwa nc localhost 9090.

Panapowaumbua wengi ni bufa ikijaa. Kawaida ina baiti 1024, na ujumbe usiotoshea hutupwa mzima. Ukiona mapengo, ongeza bufa. Usikimbilie hali ya kusubiri, BLOCK_IF_FIFO_FULL: mezani kila kitu kitakwenda sawa kwa kuwa debaga inamwaga bufa, lakini ukiifunga chipu kwa mteja, tuseme Nyali, Mombasa, bila debaga, bufa itajaa na chipu itaganda papo hapo.

SEGGER_RTT_printf haijui %f, alama ya kuchapisha namba za desimali. Tuma milivolti kwa namba kamili. Ni nyepesi zaidi hata hivyo.

Logi zikikatika chipu inapolala, washa biti za DBG_SLEEP na DBG_STOP kwenye rejista ya DBGMCU_CR, ili debaga iendelee kuifikia. Zikikatika ovyo ovyo, tazama nyaya kwanza: hewa ya chumvi ya Mombasa hula pini za jampa upesi. Badilisha zilizoota kutu, tumia nyaya fupi, na ushushe kasi ya SWD kwa amri ya OpenOCD, adapter speed 1000 (kHz).