Jinsi ya kumfuatilia nondo wa mopane, toka yai mpaka anaruka

Wengi wakitaka kumwona nondo wa mopane wanaanza na nondo mwenyewe, wanakesha na tochi usiku kucha halafu wanarudi mikono mitupu wanasema hayupo. Yupo bana, ila akishatoka kwenye pupa (lile ganda ambamo kiwavi anageuka nondo) anaishi siku tatu nne tu, hali kitu, kazi yake ni kupandana na kutaga basi kwisha habari. We anza na mti. Ukiujua mti na ukajua mvua imeanza lini, nusu ya kazi umemaliza.

Mti wenyewe ndo huo mopane, upo kwenye mapori ya joto kusini mwa Afrika: kaskazini mwa Botswana, Zimbabwe, Namibia upande wa hifadhi ya Etosha, bonde la Luangwa huko Zambia, na ndani ya hifadhi ya Kruger pale Afrika Kusini ukishavuka mto Olifants kwenda kaskazini unauona mpaka unauchoka. Kuutambua rahisi, kila jani lina vipande viwili kama kipepeo aliyefungua mabawa, na jua la mchana likiwaka vile vipande vinajikunja, kwa hiyo umesimama chini ya mti una majani kibao na kivuli hupati. Ukilifikicha linanukia kama tapentaini. Halafu jiandae na vinyuki vidogo visivyo na mwiba, vitakuingia machoni na puani, havidhuru ila vinakera balaa. Huyu nondo hutaga pia kwenye miti mingine kama mng'ongo, ila kwa kuanzia komaa na mopane.

Muda sasa. Pupa zinakaa ardhini kipindi chote cha ukavu, miezi sita saba hivi, mvua zikianza na majani kuchipua ndo nondo wanatoka. Viwavi wa awamu ya kwanza utawapata zaidi Desemba na Januari, wa pili kuanzia Machi. Sehemu kavu sana unapata awamu moja, na mwaka wa ukame unaweza usipate kitu, usijilaumu.

Mayai yanakuwa kwenye rundo, yamebanana kwenye jani au kijiti, meupe meupe, mara nyingi zaidi ya hamsini. Yanaanguliwa baada ya siku kama kumi. Ukiona yai lina tundu dogo mno kama limechomwa sindano, humo alitoka nyigu mdogo ambaye mama yake alitaga ndani ya yai hilo, kiwavi hakuzaliwa kabisa.

Viwavi wenyewe usiwatafute kwa kuangalia juu, angalia chini. Kinyesi chao ni vipunje vikavu, vikijaa chini ya mti inua macho taratibu, wapo hapo hapo. Wakiwa wadogo wanakula kwa kundi, weusi weusi, wamejipanga kwenye jani moja, kisha wakishajivua ngozi mara tatu hivi kila mtu anashika njia yake. Jumla kiwavi anapita ngozi tano, na ile ya mwisho ndo nzuri kuipiga picha: mweusi, kajaa vidoa vya kijani cheupe na njano, na vijimiba vifupi ambavyo vinachoma kidogo ukimshika hovyo. Mi naona bora uchague tawi moja ulifunge utepe uwe unapita kila siku mbili kuliko kuzunguka pori zima. Funga hata matawi mawili matatu, maana watu wanawavuna kwa ndoo, ni kitoweo cha maana huko, Botswana wanamwita phane na yupo kwenye sarafu yao ya pula 5, kwa hiyo mti wako unaweza ukaukuta mtupu.

Akishashiba anashuka kwenye shina anajichimbia. Hafumi kifuko kama nondo wengine wakubwa, anageuka pupa hivyo hivyo kwenye udongo. Hapa usichimbe chimbe, utaziua. Ukitaka kuona kinachofuata chukua viwavi wachache wa ngozi ya mwisho (kama ni hifadhi omba kibali kwanza, sio kujichukulia tu), weka kwenye ndoo yenye udongo laini kina cha shibiri moja, majani mabichi kila siku, na anayelegea na kunyong'onyea mtoe haraka maana ugonjwa unasambaa upesi wakibanana. Pupa za awamu ya pili zitalala hadi mvua za msimu unaofuata, na hapo ndo watu wanazitupa wakidhani zimekufa. Iguse kidogo, ikitikisa mkia iko hai, irudishe.

Nondo akitoka utamjua tu, mabawa yakitandazwa ni kama sentimita 12, kahawia au wekundu wa udongo, na bawa la nyuma lina doa la jicho lenye rangi ya chungwa. Angalia papasi (vile vipembe vya kichwani), dume zake ni kama unyoya mpana, jike nyembamba. Ukipata jike ambaye hajapandwa umepata dili, mweke kwenye kizimba cha wavu umtundike mtini jioni, anatoa harufu ambayo we huisikii ila madume wanaifuata kutoka mbali. Kaa karibu na gari au ndani ya uzio, tembo wanaupenda sana huu mti na gizani huwasikii wakija. Madume wakishafika fungua kizimba, halafu asubuhi anza kukagua matawi ya jirani, siku kumi zinahesabiwa kuanzia hapo.